Nilivyobadilisha kiyoyozi cha chumba cha mama, Kisumu

Nyumba yetu ya Migosi tuliinunua ikiwa tayari na kiyoyozi. Kilikuwa cha BTU 18,000 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza), kimefungwa katika chumba kimoja cha nyuma, na kila kilipowaka taa za sebuleni zilififia kidogo kabla ya kurudi sawa. Kwa miaka kadhaa hatukukijali, kwa kuwa tulikuwa tumezoea feni na madirisha wazi. Mama yangu alipohamia kwetu kutoka Ahero, ili awe karibu na kliniki yake ya shinikizo la damu, ndipo tulipoanza kukiwasha kila usiku, na ndipo tokeni zilipoanza kwisha kabla ya wakati wake.

Kabla ya kununua chochote, nilitaka kujua hasara yenyewe ni kiasi gani. Kwa wiki mbili nilisoma salio la yuniti kwenye mita saa tatu usiku na tena saa kumi na mbili asubuhi, usiku mmoja kiyoyozi kikiwaka na usiku unaofuata kikiwa kimezimwa, mama akivumilia feni. Tofauti ilikuwa wastani wa yuniti 9 kwa usiku. Kwa mwezi hizo ni yuniti 270 za chumba kimoja tu, ilhali nyumba nzima bila kiyoyozi ilikuwa haifikishi 100, na mteja wa nyumbani anayevuka 100 kwa mwezi huingia katika daraja la bei ya juu zaidi.

Fundi wa kwanza niliyemwita alinieleza mambo mawili ambayo namshukuru kwayo, hata kama baadaye aliniharibia kazi. La kwanza ni kwamba kompresa ya mtambo ule wa zamani ilijua kuwaka kwa nguvu zote au kuzimika tu, wakati kompresa ya inverta hupunguza mwendo chumba kinapokaribia kiwango ulichoagiza, kisha huendelea taratibu kwa umeme mdogo. (Neno hilo lilinichanganya, kwa sababu kwetu inverta ni ile ya sola.) La pili ni kwamba mtambo ulikuwa mkubwa kupita chumba. Mafundi wengi hukadiria BTU 500 hadi 700 kwa kila mita mraba. Chumba cha mama kina mita mraba 15, kwa hiyo BTU 9,000 zinatosha. Mtambo mkubwa mno hupoza hewa haraka na kuzimika kabla haujauondoa unyevunyevu, na hapa karibu na ziwa unyevu ndio nusu ya adha. Nilikumbuka malalamiko ya mama, ambayo nilikuwa nimeyachukulia kuwa ya uzee: "Mwanangu, hiki si chumba tena, ni mochari, na shuka bado zina maji."

Hata hivyo sikwenda dukani moja kwa moja. Ikweta inapita Maseno, mwendo mfupi tu kutoka hapa, na kwa hiyo jua la mchana hutukalia utosini karibu mwaka mzima. Paa ndilo linalobeba joto kubwa, kisha kuta za mashariki na magharibi; kuta za kaskazini na kusini hupata afueni. Nilipanda darini saa nane mchana na nikashuka baada ya dakika tano nikiwa nimelowa jasho. Kati ya mabati na mbao za dari hapakuwa na kitu chochote. Nilinunua karatasi ya kuhami joto yenye uso wa kung'aa, tukaitandaza chini ya mabati juu ya vyumba viwili vya nyuma, cha mama na cha watoto, tukiacha nafasi ya hewa kati yake na mabati, kisha tukaziba nyufa za dari. Dirisha la magharibi nililiwekea kivuli cha mabati kwa nje, kwa sababu pazia la ndani huzuia mwanga wakati joto limekwisha kuingia. Kipimajoto cha ukutani kilichokuwa kikisoma 32 jioni kikaanza kusoma 29.

Ndipo nikanunua mtambo wa inverta wa BTU 9,000, wenye gesi ya kupozea iitwayo R-32, nikichagua kwa kulinganisha vibandiko vya nyota vya matumizi ya umeme. Ule wa zamani ulitumia R-22, gesi inayodhuru tabaka la ozoni na ambayo inaondolewa sokoni kwa mujibu wa Mkataba wa Montreal wa 1987.

Kosa langu kubwa lilikuja siku ya kufunga. Fundi yule aliniambia, "Mzee, hii ni kazi ya dakika arobaini," nami nikafurahi. Aliunganisha paipu za shaba, akaachia gesi kidogo ili isukume hewa itoke, akakaza nati, akaenda zake. Wiki ya tatu mtambo ulikuwa unapuliza hewa ya kawaida. Fundi wa pili, aliyetoza karibu mara mbili, alinionyesha mdomo wa paipu uliopanuliwa upande na kupasuka kwa kukazwa mno. Aliukata na kuupanua upya, akajaza naitrojeni kwa shinikizo na kupaka povu la sabuni kwenye viungo vyote, kisha akafunga pampu ya kunyonya hewa kwa zaidi ya nusu saa. Alinieleza kwamba hewa inayobaki ndani huja na unyevu, na unyevu ukichanganyika na mafuta ya kompresa huzaa asidi inayoitafuna polepole. Gesi aliirudisha kwa kuipima kwenye mizani, si kwa kukisia, na alikataza mtu yeyote kuvuta sigara karibu, kwa kuwa R-32 inaweza kushika moto. Aliweka pia laini ya umeme ya peke yake yenye breka yake, pamoja na kifaa cha kuchelewesha umeme kwa dakika chache unaporudi baada ya kupotea, maana bodi ya inverta ikiungua ni bei ya kuumiza.

Nilirudia vipimo vyangu vya mita kwa wiki mbili. Tukiuweka mtambo kwenye nyuzi 26, feni ya dari ikizunguka polepole, unatumia yuniti 2 na nusu hadi 3 kwa usiku. Taa hazififii tena. Usumbufu uliobaki ni wadudu wa ziwani, wale wanaopaa kama moshi juu ya maji. Wakija mjini hujibandika kwenye mapezi ya mtambo wa nje na kuziba njia ya hewa, hivyo msimu wao nauosha kwa maji ya mpira kila baada ya wiki mbili, breka ikiwa imezimwa.

Chumba cha watoto nilikuwa nimekipangia mtambo wa pili. Tangu karatasi ile iwekwe chini ya mabati, watoto wanalala na feni tu na hawajalalamika, kwa hiyo pesa hizo bado ninazo.