Kasri Limefungwa Leo, Dada

Tapeli wa kwangu alikuwa amevaa nadhifu, shati limepigwa pasi, kitambulisho shingoni. Alinikuta kando ya ukuta mweupe wa Kasri Kuu la Bangkok, kabla sijafika langoni, akanieleza kwa upole kwamba asubuhi ile pamefungwa kwa ibada ya watawa. Akatoa ramani, akazungushia kalamu hekalu jingine. Bajaji ingenizungusha kote kwa baht 20.

Bei hiyo ndiyo iliyomuumbua. Baht 20 haitoshi hata mafuta ya safari ile. Mafuta hulipwa na duka la vito, linalompa dereva kuponi kwa kila mgeni anayemshusha mlangoni. Ndani utaambiwa leo ni siku ya mwisho ya punguzo la serikali: nunua yakuti, ukauze kwenu kwa faida.

Kwetu ni Tunduru! Miaka ya 1990 Wathai walikuja mpaka huko kufuata mawe hayo hayo, yakiwa bado na tope la mto. Nirudi nayo nimuuzie nani?

Nikamshukuru, nikaenda zangu. Lango lilikuwa wazi, foleni imejaa. Kiingilio baht 500, ghali, lakini angalau kuna tiketi. Magoti na mabega lazima yafunikwe. Dera langu lilipita bila swali, wenye kaptula wakaishia kununua suruali zenye picha za tembo. Ndani, sanamu iitwayo Buddha wa Zumaridi si ya zumaridi, ni jiwe la kijani la jamii ya jade, kimo chake sentimita 66 hivi, kapandishwa juu mno. Mfalme humbadilisha mavazi mara tatu kwa mwaka, kufuata majira. Msongamano ulinichosha, sikukaa.

Hekalu la Wat Pho, jirani tu, pana nafasi ya kupumua. Buddha aliyelala ana urefu wa mita 46, na nyayo zake zimepambwa kwa lulumizi.

Kanuni yangu barabarani ni ya Kariakoo: anayekufuata ana lake, muulize aliyekaa na shughuli zake. Mama muuza matunda alinionyesha gati la kivuko, nami nikasimama nikingoja atamke bei. Hakuwa na bei. Hilo ndilo linaloniudhi kwa matapeli kuliko hela wanazokula: wanakufanya umtazame kila mwema kwa jicho la pembeni.

Ng'ambo ya mto ndiko nilikomaliza mchana. Mnara wa hekalu la Wat Arun ukiwa mbali unaonekana wa mawe. Ukiukaribia unakuta vyombo: vipande vya sahani na bakuli za kaure ya China, vimepangwa kuwa maua, vikichanganywa na makombe ya baharini. Husemwa vililetwa kama uzito wa kutuliza majahazi ya Kichina. Nikayakumbuka makaburi ya kale ya Kunduchi, Dar es Salaam, yale yenye nguzo zilizopachikwa bakuli za kaure. Wajenzi hawa na wale hawakuonana, lakini wote walitazama chombo cha kulia wakaona pambo la mahali patakatifu.

Wat Arun ulikarabatiwa kati ya 2013 na 2017. Kunduchi bakuli nyingi zilikwisha kung'olewa, yamebaki matundu ya mviringo kwenye chokaa, na bakuli zenyewe sijui zimo kabatini kwa nani.