Simu ya saa nane usiku
Jana nimemaliza riwaya ya Paula Hawkins, The Girl on the Train (2015), usingizi ukanigomea. Rachel kaachika, lakini kila asubuhi treni ya London inampitisha nyuma ya nyumba iliyokuwa yake. Sasa humo anaishi Tom, yule mume aliyemwacha, na mke mpya Anna na mtoto wao. Rachel na Anna wanachukiana kurasa karibu zote, halafu mwishoni (samahani ambao hamjasoma) Rachel anamchoma Tom kizibuo cha mvinyo shingoni, na Anna anakididimiza!

Nikamkumbuka mke wa baba watoto wangu. Mwaka mzima hatusalimiani. Siku mwanangu alipobanwa na pumu kule kwao, aliyepiga ni yeye, anahema: “Mama Juma, ile dawa ya kuvuta iko mfuko gani?”

Mfuko wa pembeni, pamoja na soksi. Kwenye simu yangu alikuwa “Yule”. Sasa ana jina.