Kata zako kwanza

Nilipokuwa afisa afya wa kata, wilayani Chunya, fomu yangu ya ukaguzi iliuliza choo, maji ya kunawa, shimo la taka na kucha za mpishi. Kulikuwa na mama lishe mmoja karibu na mwalo, pale wachimbaji wanapooshea dhahabu, ambaye nilimpitisha kila mara. Sufuria zake zilikuwa zinang'aa, maji yamechemshwa, kila chakula kina kifuniko. Siku moja nimekaa kwake nasubiri ugali, akaja kijana na kidonge cha kijivu kwenye kijiko, akaomba moto. Akakiweka juu ya makaa ya jiko lililokuwa limetoka kuivisha maharage. Kidonge kikageuka njano taratibu. Mama akaendelea kusonga.

Kidonge kile ni dhahabu iliyoshikana na zebaki. Zebaki huchemka kwenye nyuzi 357, na mvuke wake hauna rangi wala harufu. Ukiuvuta, karibu asilimia 80 yake hupita kwenye mapafu ikaingia mwilini, kisha huumiza ubongo na figo. Dhahabu ya Lupa, huku huku Chunya, inachimbwa tangu miaka ya 1920. Nchi yetu iliridhia Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, mwaka 2020. Fomu yangu haikuwa na mstari hata mmoja wa kuuliza nani anachoma nini kwenye jiko la chakula, na mimi sikuuliza. Ndiyo maana nimerudi darasani, uzamili wa afya ya mazingira, nikiwa na miaka 34 na watoto wawili kwa bibi yao Uyole.

Utafiti wangu unahitaji mkojo na nywele. Mkojo unaonyesha mvuke aliouvuta mtu. Nywele zinaonyesha zaidi zebaki ya kwenye samaki, ile inayogeuzwa na vijidudu majini. Na huku samaki wa Ziwa Rukwa tunawala sana. Nywele hukua kama sentimita 1 kwa mwezi, kwa hiyo kishungi cha sentimita 3 kinabeba habari za miezi mitatu.

Sasa nenda kaombe nywele za watu kwenye machimbo. Nilikuwa na kibali, barua ya wilaya, mtendaji wa kijiji yuko pembeni yangu. "Mkojo chukua, dada. Nywele hapana." Kila mtu pale anajua nywele na kucha hutafutwa na nani, hasa palipo na dhahabu. Sikuwabishia. Kichwa ni cha mtu, ana haki ya kuuliza kinachokwenda nacho.

Siku ya tatu nikaenda kwa yule mama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wewe si ulikuwa unanikagua kucha?"

Nikamweleza yote, na siku ile ya kijiko pia. Akanisikiliza huku anachambua mchele.

"Haya. Kata zako kwanza."

Nikafumua msuko mmoja, nikakata kisogoni, nikatia kwenye bahasha. Ndipo akavua kilemba, akakaa kwenye kigoda. "Majibu uje uniambie mwenyewe," akasema. "Usinipigie simu."

Bajeti niliyopeleka chuoni haikuwa na safari ya kurudisha majibu. Nimeiongeza wiki hii: nauli ya Mbeya–Chunya, na retoti moja, kile chombo cha kuchomea chenye kifuniko na bomba, kinachonasa mvuke na kuurudisha kuwa zebaki. Zebaki ile vijana wanainunua kwa hela yao, naamini watataka kuiona ikirudi.

Bahasha yangu ni namba 1. Yake ni namba 2.