Leo tumemuua Juma

Leo tumemuua Juma. Kazi hiyo tuliiahirisha Jumapili mbili: mara mwanangu, ambaye ndiye Juma mwenyewe, ana mafua, mara simu haina chaji. Leo visingizio vimekwisha.

Tangu Oktoba tunaigiza kwa Kiswahili hadithi ya Robinson Crusoe, baharia aliyevunjikiwa merikebu akabaki peke yake kisiwani, mimi, mume wangu na watoto wetu wawili. Tunarekodi kwa simu na kuituma kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, Tanga. Chanzo ni kibao. Hapa Hull, Uingereza, kwenye Queens Gardens, bustani iliyokuwa gati la meli kabla halijafukiwa, kuna kibao kinachosema Crusoe alisafiri kutoka hapa Septemba 1651 na kwamba alikaa kisiwani miaka 28, miezi 2 na siku 19. Wameandika na majuto yake: angekuwa na akili ya kurudi Hull, angekuwa na raha. Nilicheka peke yangu kwenye ile baridi. Mtu analilia kurudi Hull! Mimi kuna asubuhi natoka zamu ya usiku nalilia kuondoka.

Binti yangu akauliza huyo mtu kazikwa wapi. Nikamwambia hajazikwa kwa sababu hakuzaliwa, ni wa kwenye kitabu cha Daniel Defoe cha 1719. Akakitazama kibao tena kama mtu aliyetapeliwa.

Wakubwa walishaigiza. BBC Radio 4 waliirusha Mei 1998, sehemu mbili, Roy Marsden akiwa Crusoe. Sisi tuna mume wangu, mwenye sauti ya kutangaza mpira. Ila mimi nimelelewa na redio. Redio Tanzania Dar es Salaam (RTD) walipoanza mchezo wa Twende na Wakati mwaka 1993, nyumbani kwetu tulimchukia Mkwaju, yule dereva wa lori, kana kwamba anatudai kodi. Kwa hiyo najua sheria ya mchezo wa redio: anayenyamaza hayupo.

Na hapo ndipo Crusoe anapokutesa. Kwa miaka zaidi ya ishirini hana wa kusema naye. Msomaji haimsumbui, ana shajara ya bwana huyo, shayiri yake na mbuzi wake. Redioni ni mwanamume mmoja anajisemea mpaka wasikilizaji wanaondoka kwenda kupika. Aliyetuokoa ni kasuku. Crusoe amenusurika kuchukuliwa na mkondo wa maji, amejikokota hadi kwenye kibanda chake cha pili, amelala hoi. Usingizini anasikia anaitwa kwa jina. Maskini Robin Crusoe, uko wapi? Ulikuwa wapi? Anaruka kwa hofu. Ni kasuku, na maneno ni yaleyale aliyomfundisha mwenyewe. Binti yangu aliyasema akiwa amebana pua. Dada yangu anasema aliyasikilizia jikoni na akasahau mwiko mkononi mpaka ugali ukashika.

Bahari tuliletewa na kaka yangu, aliirekodi ufukweni Raskazone, Tanga. Nzuri, lakini maji ya pale hayana roho ya kuzamisha merikebu, na katikati inapita bodaboda. Tukaongeza sinia la kutikisa na beseni.

Mama alitoa hukumu tangu sehemu ya kwanza. Kijana amekatazwa na baba yake, amepanda meli bila kuaga. "Huyo hana radhi. Mtamsikiliza mpaka mchoke, atahangaika tu." Alipofika kwa Xury, mtoto aliyetoroka naye kutoka utumwani Salé, Moroko, kisha Crusoe akamuuza kwa nahodha Mreno kwa vipande 60 vya fedha, mama hakutuma kitu siku mbili.

Kisha akaja yule mtu ambaye Crusoe anamwokoa na kumpa jina la siku hiyo, kwa Kiingereza Friday. Nikaandika "Ijumaa" kwenye karatasi zangu. Mwanangu akasema, "Si Juma tu?" Sikuwa nimefikiria. Ijumaa ni siku, lakini Juma ni mjomba, ni fundi baiskeli, ana mama yake na watu anaowadai. Kwetu jina la siku ni la kawaida, tuna akina Juma, Khamis, Jumanne, Mwanajuma. Ila unapewa na waliokupokea ulipozaliwa. Huyu alikuwa mtu mzima wa miaka kama 26, na jina alikuwa nalo. Baba yake mzazi anatokea baadaye, amefungwa kamba ndani ya mtumbwi, wanakumbatiana, wanalia, na hata hapo Crusoe hamwulizi mzee: mwanao anaitwa nani?

Tukafika pale anapomfundisha kumwita Bwana. Mume wangu akaunguruma: "Jina langu ni Bwana." Mwanangu akajibu bila kusoma karatasi: "Haya bwana. Mimi Bwana Juma." Tulirudia mara nne na kila mara tukaangua kicheko. Kiswahili kilikataa kumpa Crusoe ukubwa alioutaka. Hatimaye tukaiacha ilivyo, na Tanga ndiyo sehemu waliyoipenda kuliko zote.

Sehemu ya pili ya kitabu ilitoka mwaka uleule wa 1719, miezi minne tu baada ya ya kwanza, na wengi hawaijui. Naona wamepoteza kidogo sana, isipokuwa ukurasa mmoja. Crusoe mzee hatulii, anarudi kisiwani, kisha wakielekea Brazili wanazungukwa na mitumbwi mingi. Anamtuma Juma apande sitahani awaulize kwa lugha yake wanataka nini. Wanajibu kwa mishale kama mia tatu. Anakufa palepale, akiwa ndiye pekee aliyejaribu kuzungumza nao.

"Mama, naongea lugha gani hapo?" Nikatafuta kitabuni. Maneno aliyowaambia Defoe hakuyaandika. Anasema tu kwamba aliita. Mwanangu akawaza, kisha akasimama juu ya kochi na kupiga kelele kwa Kibondei cha bibi yake, maneno matatu anayoyajua, moja likiwa la kuitia kuku. Sikucheka. Mume wangu alikuwa aseme sentensi yake ya huzuni, akaiacha, akabaki ameshika simu.

Kitabuni Crusoe anamzika baharini na kuamuru mizinga 11. Sisi tunakaa ghorofani na chini kuna mzee anayelala mapema, kwa hiyo tulipiga godoro kwa ngumi. Binti akahesabu. Alifika tisa, akasema mkono unauma, kaka yake aliyekuwa maiti akainuka akamalizia mbili zake.

Madagascar tutairuka. Mabaharia wanachoma kijiji na kuua watu, na ingawa Crusoe anawapinga, sitaki wanangu waigize hilo. Tunakwenda moja kwa moja Siberia, ambako anakaa kipupwe kizima Tobolsk. Theluji ya kweli mwaka huu haijaanguka hapa, lakini wanga ukiutia kwenye soksi na kuuminya unatoa sauti ya mtu anayetembea juu yake. Nimenunua paketi mbili.