Kengele Isiyokosea

Jana jioni muuza aiskrimu kapita na baiskeli yake, na wimbo wake uleule wa kwenye spika. Mwanangu akauliza, "Baba, kwa nini habadilishi?" Nikamwambia kuna mji wanabadilisha kila baada ya miaka miwili. Akanitazama kama ninavyotazamwa siku hizi humu ndani, akachukua mia tano yake, akatoka mbio.

Mji wenyewe ni Brugge, Ubelgiji. Ulikuwa mwaka ule nilioishi Ghent, mji mwingine wa hukohuko, mwaka wa makoti mawili na chai isiyo na tangawizi. Mengine nilishawachosha nayo. Jumamosi moja nikapanda treni, nikakata tiketi ya kupanda Belfort, mnara ule wa uwanja wa soko. Mita 83, ngazi 366. Nilizihesabu mpaka mia na kitu, nikakutana na familia inashuka, tukabanana ukutani kila mtu kakamata kamba, hesabu ikapotea.

Nilichotaka kuwaelezea ni pipa.

Kuna chumba humo mnarani, na ndani yake limelazwa pipa la shaba la tani 9, ndilo linalozipigisha kengele za mnara. Lilitengenezwa mwaka 1748. Mwili mzima ni matundu, 30,500, na kwenye baadhi wamechomeka misumari minene. Wimbo ndiyo hiyo misumari. Wakitaka wimbo mwingine wanaing'oa mmoja mmoja na kuichomeka kwingine. Nikasimama hapo nikiangalia saa. Zilibaki dakika mbili kufika robo. Nikampigia simu mzee wangu, kule Muheza.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Kuna nini?"

"Hakuna kitu. Sikiliza."

Kikaguruma kitu. Pipa likaanza kujiviringisha, polepole, kama mtu mzima anayegeuka kitandani. Misumari ikainua vyuma, vyuma vikavuta nyaya, nyaya zikapotelea darini zilikokuwa nyundo na kengele zote 47. Mle chumbani nilichosikia zaidi ni ta-ta-ta, kama cherehani kuukuu. Wimbo ulitokea juu ya vichwa vyetu, kwa mbali, kana kwamba unapigwa nyumba ya jirani. Watu wa uwanjani ndio waliokuwa wanaufaidi. Nikainua simu juu kadiri mkono ulivyofika.

Hapa mnikumbushe kama nilishawaambia: darasa la sita nilikuwa mgonga kengele. Kengele yenyewe ilikuwa rimu ya lori iliyoning'inizwa kwenye mwembe, na kipande cha nondo. Siku moja nikasoma mshale wa saa vibaya, nikagonga ya kwenda nyumbani saa nzima kabla ya wakati. Shule ikamwagika barabarani. Mwalimu mkuu alikuwa mzee mwenyewe, na jioni yake sitaki kuisimulia.

Pipa likasimama.

"Anagonga nani?" mzee akauliza.

"Hakuna mtu, baba. Mashine."

"Hakuna mtu kabisa?"

"Yupo mpigaji, ana chumba chake huko juu zaidi, anapiga vijiti vya mbao kwa ngumi na vingine kwa miguu. Lakini hii ya kila robo saa inajipiga yenyewe."

Kimya. Nikadhani salio limekwisha.

"Na haikosei?"

"Haikosei."

"Sasa watoto wanatorokaje?"

Akacheka mpaka akakohoa, halafu simu ikakatika kweli. Nikabaki nimeishika mkononi, mzungu mmoja ananiomba nisogee apige picha. Mpaka leo sijui kama kile kicheko kilikuwa msamaha au alikuwa kaikumbuka tu shule yake ikitimua vumbi. Hatujawahi kuizungumzia. Nikienda Muheza ananiuliza nauli ya treni za huko ni kiasi gani.

Mtoto alirudi, aiskrimu inamchuruzika hadi kwenye kiwiko.

"Nimemuuliza," akasema. "Anasema spika ilikuja nao."