Jumapili ya Bell Lane

Ilikuwa Aprili 2008, Jumapili, niko Wentworth Street mashariki mwa London natafuta vitenge. Binamu yangu alikuwa anaolewa Voi, na shangazi alikuwa ameniagiza pisi nne za yadi sita za sare. "Na usiniletee vya kuchuja." Mtaa ule ulikuwa na maduka ya vitenge mlango kwa mlango, utadhani uko Biashara Street, Mombasa, ila kwa baridi na bei.

Nilipochoka kuvutana na wauzaji nikaenda kuketi pembeni, kwenye ngazi za jengo moja Bell Lane. Hapo nikamkuta mzee wa Kizungu, mfuko wa mikate ya beigel mapajani.

"Binti, umetoka wapi?"

"Kenya, mzee."

"Mimi nimetoka hapo." Akanyoosha bakora kuelekea majengo mapya ng'ambo ya barabara. "Shule yangu ilikuwa pale."

Hapakuwa na shule wala dalili yake. Ilikuwa Jews' Free School, akasema, shule ya bure ya Wayahudi. Ilianza 1732 kwenye sinagogi kuu la London, ikahamia mtaa huu miaka ya 1820. Kufikia 1900 ilikuwa na watoto kama 4,000, wengi wao wa familia zilizokimbia mateso huko Urusi. Akina Rothschild, familia ya Kiyahudi ya matajiri wa benki, ndio waliowapa suti na viatu. Baba yake, aliyezaliwa nyumba ya chumba kimoja, alivivaa viatu hivyo.

Kisha akanieleza jinsi baba yake alivyokatizwa darasani kila alipoteleza na kusema Kiyidi, lugha ya nyumbani kwao. Mwalimu mkuu mmoja, Moses Angel, aliiongoza shule kwa zaidi ya miaka 50, na nia yake ilikuwa watoto wale watoke Waingereza.

Mkono wangu ulikwenda shingoni wenyewe. Darasa la nne, shule yetu ilikuwa na kibao cha mti chenye kamba, tulikiita diski. Ukisema neno la Kitaita au Kiswahili unavishwa, nawe unabaki ukitega masikio umnase mwenzako umvishe yeye. Jioni aliyelala nacho alichapwa. Niliwahi kumnasa rafiki yangu wa damu aliyelia "mama!" baada ya kujikwaa.

Nilimsimulia mzee. Hakushangaa hata kidogo. Yeye shingoni alivaa kingine: Septemba 1939, ana miaka kumi, aliondolewa London na shule nzima kwa kuhofia mabomu, akaning'inizwa kikaratasi cha jina kama mzigo wa posta. Walipelekwa Ely, mashambani. Huku nyuma majengo ya Bell Lane yakabomolewa kwa mabomu. Shule ilifunguliwa tena Camden Town, London, mwaka 1958, na 2002 ikahamia Kenton, mtaa mwingine wa London, ambako mjukuu wake alikuwa anasoma Kiebrania.

"Na Kiyidi?"

Akacheka. "Hajui hata neno. Wako je?"

Nilikuwa na mtoto wa miaka sita. Nikamwambia kweli: akizungumza na bibi yake kwa simu, mkalimani ni mimi.

Mzee akakata beigel nusu, akanipa. Tukala bila kusema lolote, kisha nikarudi dukani kumalizana na yule muuzaji.

Vitenge vilichuja.