Eti nishakauka

Neno la Da Mwaju halijanitoka tangu Jumapili. Arobaini ya Baba Mkubwa imepita salama, Zuhura kapangiwa shule Tabora, ukuta wa choo umeanguka kwa mvua, na yote hayo nimeyapokea. Hili moja ndilo limenikaa kooni.

Tulikuwa uani Ujiji, wanawake tumezunguka masufuria, mimi natengeneza samaki, migebuka. Da Mwaju akaingia ndani kutafuta kitenge cha kujifunga, akatoka na daftari langu.

"Hizi x za nani?"

"Zangu, dada."

"Za nini?"

"Nasoma jioni. Nataka nifanye mtihani wa maarifa, halafu Mungu akijalia, wa kidato cha nne."

Akalifunga daftari taratibu, akanirudishia. "Samaki mkunje angali mbichi, mdogo wangu. Wewe ushakauka."

Shangazi akaangua kicheko, wengine wakafuata. Da Mwaju hakucheka. Angecheka ningesema ni utani wa shughulini. Alisema kwa huruma, kama anayempa mtu pole, kisha akaketi kuchambua mchele. Ushakauka. Nimeisikia sauti ile nikiwa mwaloni Kibirizi, nimeisikia nikiwa naoga, nimeisikia katikati ya swala, Mungu anisamehe. Majibu mazuri yamenijia mengi, na shughuli imeshakwisha.

Limeniuma kwa sababu mwenyewe niliamini hivyohivyo miaka yote. Nilipoacha shule kidato cha pili niliondoka na uhakika kwamba hesabu si fungu langu. Na huku Mrundi akija na faranga zake nazibadilisha kichwani, natoa bei ya gunia la dagaa, natoa na ya mbebaji, chenji iko mkononi mwake kabla kamba haijafungwa. Hayo sikuwahi kuyaita hesabu. Darasani, mbele ya hasi mara hasi, tena kwa Kiingereza, mkono ulikuwa unakufa ganzi.

Mwalimu wetu wa jioni alitusimulia habari ya London. Huko, kabla ya kupewa leseni ya teksi, mtu lazima akariri maelfu ya mitaa, na wengi wanashindwa. Watafiti wawili, Katherine Woollett na Eleanor Maguire, waliwapiga picha za ubongo wanafunzi wa kazi hiyo, wakawapiga tena baada ya miaka kadhaa, wakatoa matokeo mwaka 2011. Waliofaulu, sehemu moja ya ubongo inayohusika na kumbukumbu na njia ilikuwa imeongezeka. Ambao hawakufaulu haikuongezeka. Watu wazima hao, wana ndevu zao! Nililiandika hilo pembezoni mwa daftari, ukurasa uleule alioufungua dada.

Lakini kwa nini niende mbali? Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na mama alijifunza kusoma kwenye kisomo cha miaka ile, tayari ana watoto, Da Mwaju akiwa mgongoni. Mpaka anafariki alikuwa anaandika madeni ya mawese kwa mkono wake. Huyo naye alikuwa mbichi?

Alhamisi usiku nililoweka mgebuka mkavu kwenye maji ya uvuguvugu, nikarudi kwenye milinganyo. Nilipomtoa nilimshika kichwa na mkia, nikamkunja. Akakunjika, wala hakuvunjika. Nilisimama naye pale jikoni maji yakinitiririka mpaka kwenye viwiko, na hasira yote ikaniisha.

Nikaanza kumwaza dada mwenyewe. Ana cherehani aliyonunuliwa na mwanawe, bado ina nailoni yake, kwa kuwa aliambiwa utotoni kwamba mkono wake mzito. Nani alimwambia sijui, ila ameishi na maneno hayo mpaka amekuwa bibi. Nadhani pale uani alinipa tu kile alichopewa yeye. Nitampigia Ijumaa baada ya swala. Sitamjibu lile la samaki. Nitamwomba anishonee mfuko wa madaftari, hata ukienda upande.

Sasa kinachoninyima usingizi ni umeme. Tokeni tulizozoea kukaa nazo mwezi zinaisha katikati, tangu waje wapangaji wa chumba cha nyuma, na mita ni moja. Nasikia wana jiko la umeme. Nianze kwao, au niende moja kwa moja kwa mwenye nyumba?